Majina ya Marcinelle

Tarehe 23 Juni 1946, mjini Roma, serikali ya Italia na serikali ya Ubelgiji zilitia sahihi mapatano ambayo hata leo si rahisi kuyapatia jina. Italia ilikuwa imetoka vitani ikiwa maskini. Vijana wake wengi hawakuwa na kazi, na viwanda vyake havikuwa na makaa ya mawe. Ubelgiji ilikuwa na makaa tele chini ya ardhi, lakini ilikosa watu wa kuyachimba. Basi ikakubaliwa kwamba Italia itatoa wafanyakazi 50,000, kwa kadiri ya 2,000 kila juma, nayo Ubelgiji itaiuzia Italia makaa kufuatana na idadi ya watu watakaoshuka migodini. Mtu aliwekwa upande mmoja wa mizani, makaa upande wa pili.

Tunaanza na mizani hiyo kwa sababu bila kuitazama hatuwezi kuuelewa mji wa Marcinelle, wala lililoupata tarehe 8 Agosti 1956.

Vijana wapenzi, huenda mmoja wenu akauliza kwa nini ukurasa huu, ambao kwa kawaida huzungumza mambo ya parokia zetu, ushughulike na mtaa wa Charleroi ambao mgodi wake umefungwa tangu zamani. Shirika kubwa la fedha lililoitwa Société Générale de Belgique lilikuwa na sehemu kubwa katika migodi ya makaa ya Ubelgiji, na ni hilohilo lililokuwa miongoni mwa waanzilishi wa Union Minière du Haut-Katanga mwaka 1906. Faida ya makaa na faida ya shaba zilikutana katika vitabu vya hesabu vya nyumba moja. Tena makaa ya mawe yalichimbwa hata kwetu: Luena katika eneo la Bukama, na kandokando ya mto Lukuga karibu na Kalemie. Mtoto wa Katanga anayefika Marcinelle na kuona minara ya chuma, nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mistari na kilima cheusi cha mabaki, haoni kitu kigeni. Anaona mji wa kwao umevaa koti la baridi.

Mgodi unaoitwa Bois du Cazier ulipata ruhusa ya kuchimbwa mwaka 1822, miaka minane kabla ya Ubelgiji yenyewe kuwa nchi. Katika karne ile walishuka wanaume, wanawake na watoto. Ni mwaka 1889 tu sheria ilipokataza kuwatumikisha watoto walio chini ya miaka 12. Miaka mitatu kabla ya sheria hiyo, Machi 1886, wafanyakazi wa Liège na Charleroi walikuwa wamegoma kwa sababu ya njaa na mishahara iliyopunguzwa. Serikali ikatuma askari, na damu ikamwagika. Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu alipotoa barua yake Rerum Novarum mwaka 1891, akisema kwamba kazi ya mtu si bidhaa kama bidhaa nyingine, hakuwa akizungumza mambo ya vitabuni. Lakini tusidanganyane. Wengi wa wenye migodi walikuwa wakristu waliobatizwa, waliokaa viti vya mbele katika Misa ya Dominika, na baadhi yao waliiona barua hiyo kuwa karaha. Historia ya Kanisa katika miji ya makaa ina mapadri waliosimama na maskini, na ina pia mabenchi yenye majina ya matajiri. Yote mawili ni yetu.

Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, Wabelgiji wengi walikuwa hawataki tena kushuka mgodini. Kwa muda serikali iliwatumikisha wafungwa wa vita wa Kijerumani, lakini hao walipaswa kurudishwa kwao. Ndipo Italia ikatazamwa. Katika vijiji vya Italia yalibandikwa matangazo ya rangi ya waridi yaliyotaja mshahara, nyumba, likizo na malipo ya watoto. Juu ya vumbi, giza na gesi ya migodini hayakusema kitu. Wanaume walikusanywa Milano, wakapimwa afya katika vyumba vya chini ya stesheni, wakapandishwa treni. Walipofika Ubelgiji, wengi wao walipewa makao katika vibanda vilevile vya mabati walivyokuwa wamekaa wale wafungwa wa Kijerumani. Aliyeshuka mara ya kwanza, akaogopa na kukataa kurudi chini, alihesabiwa kuwa amevunja mkataba. Aliweza kukamatwa, kufungiwa katika ngome ya Petit-Château mjini Brussels, kisha kurudishwa kwao.

Katika miaka hiyohiyo Kongo ilikuwa chini ya Ubelgiji, lakini Ubelgiji haikufunga mapatano ya namna hiyo ili kuwapeleka Wakongo Charleroi. Walipokosa watu waliwatafuta Italia, na baadaye mbali zaidi, kuliko kuwaita watu waliowaita raia wa himaya yao. Mkongo alitakiwa achimbe kwao, akae kwao, na asije kuona jinsi mzungu maskini anavyoishi. Hayo ya mwisho ni maoni yetu, lakini tumeyapima kabla ya kuyaandika.

Asubuhi ya Jumatano tarehe 8 Agosti 1956 watu 275 walikuwa chini ya ardhi ya Bois du Cazier. Kila mmoja alikuwa amepita kwenye chumba cha taa, akachukua taa yake na kipande cha madini chenye namba yake. Kwa kuhesabu vipande vilivyotoka na vilivyorudi, msimamizi alijua wangapi wamo chini. Namba ilitosha kwa kazi hiyo, jina halikuhitajiwa.

Yapata saa mbili na dakika kumi, katika ngazi ya mita 975, kigari cha makaa kilikuwa kikiingizwa katika kizimba kinachopandisha na kushusha. Kigari hakikuingia sawasawa, kikabaki kimetokeza nje. Kwa sababu ya kutoelewana kati ya walio chini na walio juu, kizimba kilivutwa kabla ya wakati. Kigari kikagonga boriti, na boriti ikakata bomba la mafuta, nyaya za umeme na bomba la hewa iliyoshindiliwa. Mafuta yakashika cheche, hewa ikauchochea moto. Shimo hilo ndilo lililoingiza hewa safi katika mgodi mzima, kwa hiyo njia iliyokuwa ikiwapelekea watu uhai ndiyo iliyowapelekea moshi. Ndani ya shimo na katika njia za chini mlikuwa na mbao nyingi.

Waliookoka ni 13 tu. Waliokufa ni 262, wa mataifa 12. Kati yao Waitalia walikuwa 136 na Wabelgiji 95. Zaidi ya watoto 400 walibaki mayatima. Kijiji kimoja cha milimani katika jimbo la Abruzzo, Manoppello, kilipoteza wanaume zaidi ya 20 kwa siku moja. Wakatoliki wengine wanakijua kijiji hicho kwa sababu ya kitambaa cha Uso Mtakatifu kinachotunzwa kanisani mwake, ambacho Baba Mtakatifu Benedikto wa Kumi na Sita alikwenda kukitazama mwaka 2006. Wajane wa Manoppello walikuwa na uso mwingine pia wa kuukumbuka.

Waokoaji walishuka mchana na usiku kwa majuma mawili. Nje, wake na mama walishikilia vyuma vya lango lililofungwa, na televisheni, iliyokuwa bado changa katika nchi ile, ikawapeleka katika kila nyumba yenye chombo hicho. Usiku wa tarehe 22 kuamkia 23 Agosti waokoaji walifika kwenye ngazi ya mita 1,035. Mmoja wao alipopanda juu alisema kwa Kiitalia maneno mawili tu: wote maiti.

Wanne kati yetu, tukiwa Ubelgiji kwa mkutano wa walei, tulikaribishwa Charleroi kwa siku tatu na jumuiya ya Wakongo wanaosali huko. Siku ya pili tulikwenda Marcinelle kwa basi. Mji hauna huzuni ya kujionyesha. Kuna maduka ya mikate, shule, nyumba za matofali mekundu zilizoshikana bega kwa bega, na akina mama wanaosukuma watoto katika vigari vyao. (Wapenzi wa vitabu vya picha watafurahi kujua kwamba gazeti la Spirou lilizaliwa hapohapo Marcinelle mwaka 1938. Mji wa makaa haukuwa mji wa kulia tu.) Ukipandisha mtaa kuelekea msituni, minara miwili ya chuma inaonekana juu ya paa, na magurudumu yake makubwa yamesimama.

Aliyetupokea langoni ni mzee aliyefika nchi ile kutoka Italia akiwa na miaka minne, akamfuata baba aliyetangulia mwaka mmoja. Tulimwita Baba, naye akalipenda neno hilo alipoelezwa maana tunayolipa kwetu. Baba yake mwenyewe hakufa tarehe 8 Agosti. Alikuwa wa zamu ya mchana. Mzee alitueleza kwamba kwa miaka mingi baba yake hakupita mbele ya nyumba ya jirani mmoja, maana mjane wa pale hakuwa na neno baya kwake, na hilo lilimshinda kulivumilia. Alipostaafu alikohoa miaka kumi na moja, kisha akafa. Kwa hiyo, mzee alituambia, jina la baba yake halimo ukutani, ingawa mgodi ulimchukua naye pia, polepole zaidi.

Ugonjwa huo unaitwa silikosi. Vumbi la mawe huingia katika mapafu, likakaa humo, na mapafu yakageuka polepole kuwa kitu kigumu kisichoweza kuvuta pumzi. Italia ilikuwa imeutambua kuwa ugonjwa wa kazi tangu mwaka 1943. Ubelgiji iliutambua mwaka 1964. Fikirini maana yake: kijana mmoja wa Kiitalia, mapafu yaleyale, vumbi la namna ileile, kwao alikuwa mgonjwa wa kazi mwenye haki ya kulipwa, na huku alikuwa mtu mwenye kikohozi. Walipouawa wale 262 dunia nzima ilisikia. Wale waliokufa kwa kukohoa, kitandani, mmoja mmoja, ni wengi kuliko wao mara nyingi, na hakuna televisheni iliyosimama mlangoni kwao.

Jioni tulipelekwa kwa mama mmoja wa Lubumbashi, mzaliwa wa Kamalondo, anayekaa katika mojawapo ya nyumba zile za mistari. Alitufungulia mlango akatuuliza, “Mulifika muzuri?” na hapo tukasahau baridi. Amefanya kazi miaka mingi ya kuuguza wazee majumbani mwao. Alituambia kwamba alipoingia mara ya kwanza katika chumba cha mchimbaji mzee na kumsikia akitafuta pumzi, alitambua sauti ile kabla ya kusoma karatasi za daktari. Aliijua tangu utoto wake, katika kambi ya wafanyakazi, usiku, kupitia ukuta wa chumba cha wazazi wake. Baba yake hakupata karatasi ya daktari yoyote iliyotaja vumbi. Mama huyo hakusema hayo kwa uchungu mwingi. Alikuwa akikoroga bukari, akatuambia tuoshe mikono.

Jirani yake wa kulia ni mwana wa Mmoroko, na wa kushoto ni familia ya Kituruki. Hilo nalo ni historia. Baada ya ajali ya 1956 Italia ilisimamisha kuwapeleka watu wake, ikidai kwanza usalama. Ubelgiji haikungoja. Mwaka huohuo ilipatana na Hispania, mwaka 1957 na Ugiriki, na mwaka 1964 na Moroko na Uturuki. Mahali pa aliyekataa paliitwa aliye mhitaji zaidi. Ukitembea leo katika mtaa mmoja wa Marcinelle na kusoma majina kwenye vitufe vya kengele za milango, unasoma mapatano hayo yote kwa utaratibu wa miaka, na mwishoni unasoma jina la Kiluba.

Juu ya hukumu tutasema kwa kifupi, kwa maana yenyewe ilikuwa fupi. Mwaka 1959 mahakama ya Charleroi iliwaachilia washitakiwa wote. Mwaka 1961, katika rufani, mtu mmoja tu, mhandisi aliyeongoza kazi za mgodi, alipewa kifungo cha miezi sita ambacho hakulazimika kukitumikia, pamoja na faini. Mgodi ulikuwa umeshafunguliwa tena mwaka mmoja baada ya ajali, ukaendelea hadi mwaka 1967. Mwaka 1984 machimbo ya mwisho ya makaa katika Ubelgiji ya kusini, yale ya Roton huko Farciennes, yakafungwa, na miji yote ya bonde lile ikabaki na swali la kuishi kwa kitu gani. Swali hilo halijapata jibu kamili. Mzee alituonyesha nyumba ambazo vijana wake wamehamia miji mingine, na hakuficha kwamba wengine waliobaki hawana kazi.

Lakini tulilokwenda kulitazama hasa ni lile wakaaji walilolifanya kwa mahali penyewe. Mgodi ulipofungwa, ulianza kuoza. Wenye fedha wakafikiri kubomoa na kujenga maduka juu yake. Wachimbaji wa zamani na jamaa za marehemu, wengi wao watu wasio na shule kubwa, walikataa. Waliandika barua, walikusanya sahihi, waligonga milango ya ofisi, wakaambiwa warudi kesho, wakarudi kesho. Mwaka 1990 mahali pale pakatangazwa kuwa kumbukumbu ya kihistoria inayolindwa na sheria. Mwaka 2002 pakafunguliwa kwa wageni. Mwaka 2012 UNESCO ikapaandika katika urithi wa dunia, pamoja na Grand-Hornu, Bois-du-Luc na Blegny-Mine. Mtoto wa mwanamke aliyezuiwa nje ya lango mwaka 1956 leo ndiye anayewafungulia wageni lango hilo. Sisi tulioingia naye tulinyamaza kidogo.

Ndani kuna chumba cha tarehe 8 Agosti. Humo picha za marehemu zimepangwa, kila uso na jina lake. Kile kipande cha madini chenye namba kimerudishwa kuwa mtu: huyu amevaa suti ya arusi, huyu ana masharubu ya kijana anayetaka kuonekana mkubwa, huyu amekatwa kutoka picha ya watu wengi na bado mkono wa mwenzake umo begani mwake. Mzee alipita mbele yao akitaja kijiji cha mmoja, mke wa mwingine, jina la utani la wa tatu. Hakusoma maandishi. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu, kengele iliyopewa jina la Maria, Mama wa Mayatima, hugongwa mara 262. Mzee alisema wageni wengine huchoka katikati na kutazama saa. Wakaaji hawachoki, kwa sababu kila mmoja anangoja mgongo mmoja ambao kwake una jina.

Hata hivyo wako waliozikwa bila jina. Moto uliwaharibu baadhi ya marehemu kiasi kwamba hawakutambulika, wakawekwa kaburini kama watu wasiojulikana. Katika miaka ya karibuni, baada ya watoto wao, nao sasa wazee, kuomba bila kukoma, mabaki yamefukuliwa kwa heshima na kupimwa pamoja na damu ya jamaa, na baadhi wamerudishiwa majina yao. Mwana wa miaka sabini na kitu anapata kwa mara ya kwanza mahali pa kuweka ua la baba yake. Ukifikiri kwa hesabu ya fedha, hiyo ni kazi isiyo na faida yoyote.

Njiani kurudi tulipanda kilima kimoja cha mabaki, kimojawapo cha vitatu vinavyouzunguka mgodi. Watu wa Lubumbashi wanajua kilima cha namna hiyo. Wanakiita terili, nacho kipo katika picha zote za mji wao. Kile cha Marcinelle kimeota miti, na vijana hukipanda kwa miguu siku ya Dominika. Chetu bado ni cheusi, na thamani yake hupimwa kwa madini yaliyobaki ndani yake.

Tulizungumza juu ya Cardijn tukiwa juu kule, kwa kuwa mmoja wetu alikulia katika JOC, na kwa kuwa wazazi wa Joseph Cardijn walikuwa na biashara ndogo ya makaa ya mawe mjini Halle. Alikuwa mseminari baba yake alipofariki, mwaka 1903, akiwa amechoshwa na kazi. Kijana akaapa kando ya kitanda kwamba atajitoa kwa ajili ya wafanyakazi. Kutokana na kiapo kile kilitoka chama kilichoenea ulimwenguni hata Kongo, na njia ile ya kuona, kupima na kutenda ambayo Baba Mtakatifu Yoane wa Ishirini na Tatu aliipokea katika barua Mater et Magistra mwaka 1961. Vikundi vyetu huitaja njia hiyo mara nyingi. Tunaona kwamba mara nyingi pia tunaruka neno la kwanza. Tunakimbilia kupima, tunatoa hotuba juu ya utajiri wa nchi na unyonyaji wa wageni, na kumbe bado hatujamwona mtu mmoja aliyeingia shimoni jana, wala hatujui anaitwa nani.

Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière mjini Élisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, waligoma wakidai mshahara. Walikusanyika katika uwanja wa mpira, na askari wakawapiga risasi. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa hata sasa: taarifa za serikali ya ukoloni zilitaja makumi, na wazee waliosimulia walitaja wengi zaidi. Katika wote, jina linalotajwa sana ni moja, Léonard Mpoyi. Wengine ni idadi, tena idadi isiyo na hakika.

Juni 2019, katika machimbo ya wazi karibu na Kolwezi, ardhi iliwaangukia wachimbaji wa mikono waliokuwa wameingia kutafuta shaba na kobalti. Walikufa watu wasiopungua 43. Wengi wenu mnajua visa vingine ambavyo havikufika katika habari, kwa sababu walioangukiwa walikuwa watatu tu, au mmoja, na wenzake walimzika usiku kwa kuogopa kuulizwa alikuwa akifanya nini pale. Mchimbaji wa Marcinelle alipewa namba kabla ya kushuka. Kijana wetu anayeshuka kwa kamba hapewi hata namba. Hakuna chumba cha taa, hakuna kipande cha madini kinachobaki ukutani jioni na kumlazimisha mtu aulize: wa namba hii yuko wapi?

Injili ya Yoane inamweleza mchungaji mwema kuwa ndiye anayewaita kondoo wake kila mmoja kwa jina. Parokia zetu zinayo madaftari ya majina: ya ubatizo, ya kipaimara, ya ndoa, ya mazishi. Kijana aliyezikwa shimoni bila padri hayumo katika daftari la mwisho, ingawa yumo katika lile la kwanza. Mtu akiwa na saa moja na ruhusa ya paroko, anaweza kuyalinganisha.

Kikundi chetu kimeanza mwaka huu, majuma machache kabla ya siku ya kuwaombea marehemu. Tulinunua daftari la kurasa mia, tukapita katika jumuiya hai, nyumba kwa nyumba, tukiuliza majina ya waliopotelea katika mashimo, umri, kijiji, na mwaka. Nyumba nyingine zilitufungia mlango. Katika nyumba moja mama alitaja majina mawili, akanyamaza, kisha akatuita tulipokwisha kuondoka, akaongeza la tatu. Mpaka sasa yameandikwa majina 31. Manne kati yake ni majina ya utani ya mgodini tu, kwa maana wenzao waliofanya kazi nao hawakujua mengine, na mbele ya kila mojawapo tumeacha mstari mtupu.